Mwelekeo Tuliouacha

Jumapili, 2 Aprili 1967

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Padri kwenye kitubio, kwa sababu sijui kama ni dhambi. Nikiona watu wamekaa pamoja, nawagawa. Leo kanisani wenzangu walipofumba macho, mimi niliwapanga wanakwaya watatu watatu, nikawavunja, nikawapanga upya ili aliyekaa na huyu asikae naye tena. Nikimaliza bila mtu kubaki, nasikia raha tumboni kama nimekunywa uji wa moto. Nikishindwa, siku yote inakuwa chungu. Wasichana wenzangu wa Kidato cha Pili wanawaota wavulana. Mimi naota tisa.

Naandika Kiswahili. Kiingereza ni cha mtihani, na Kiteso mama yangu, Toto kama tunavyomwita mama kwetu, anakisoma vizuri mno, kila jioni na Biblia yake. Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Kwa hiyo hapa niko salama.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua. Shule imefungwa. Wimbi, ulezi wetu, umeota, na magugu nayo yameota.

Jumamosi, 8 Aprili

Baba amepita na lori likielekea Kampala. Yeye ni utingo, kwa hiyo salamu zake hutoka juu ya mizigo. Alitutupia mkate na sabuni, akapunga mkono, akaenda zake Malaba.

Toto anataka kufufua ujima. Acha niandike ulivyokufa.

Wanawake tisa wa huku kwetu, upande wa Chakol, walikuwa wanapaliliana mashamba. Kupalilia wimbi peke yako ni kama kumaliza kijito kwa kijiko, kwa sababu gugu na wimbi vikiwa vidogo vinafanana kama mapacha, na lazima uiname mpaka pua iguse udongo. Lakini tisa hao walikuwa kambi tatu. Kuna Toto na rafiki zake wawili wa njia yetu, Milka na Mama Vitalis. Kuna wake watatu wa mzee Ojakol, wa boma moja. Na kuna Amuron, na Apeduno, dada yake anayeishi kwake, na binti ya Amuron aliyeolewa na Ekisa, ng'ambo ya kijito. Kila kambi ilitembea pamoja na kulima pamoja. Wake wa Ojakol walibeba ugomvi wa jikoni mpaka shambani. Toto na Milka walicheka mambo yao, wengine wakadhani ndio wanaochekwa. Mama Vitalis, ambaye ni Mluhya wa Butula na hana breki, alisema wake wa Ojakol wanapalilia kama mtu anayejikuna mgongo. Maneno yakafika. Ujima ukavunjika katikati ya palizi, na nusu ya wimbi wetu ikamezwa. Tulikula muhogo mtupu mpaka Krismasi.

"Mwaka huu kila mmoja atafanya kazi na kila mmoja," Toto alisema akichambua kunde. "Wakizoeana hawatasemana. Lakini kupanga namna hiyo, mimi kichwa kinauma."

Mimi nilizipanga kunde zangu tatu tatu. Nikazichanganya tena.

Jumatatu, 10 Aprili

Nilirudisha kitabu kwa Mwalimu Mukhwana. Hakwenda kwao likizo hii. Anaandika kitu cha kupeleka Makerere, na veranda yake imejaa karatasi zilizowekewa mawe zisipeperuke. Mkewe alikuwa anabambua njugu. Akaniambia, "Karibu, Alupo. Muulize wewe, labda atakumbuka kuna chakula."

Sijui nguvu ilitoka wapi, nikamwuliza Mwalimu anaandika nini. Alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake wa kwanza.

"Chukua ukurasa mtupu," akasema. "Tia nukta moja. Hapo ni nyumbani. Safari yoyote ya kutoka nyumbani ni mshale. Ukiunga safari mbili unapata safari nyingine, na kila safari ina ya kurudi. Hizo zote pamoja tunaziita kundi. Sasa chora mstari mmoja unaopita nyumbani. Unga safari za mstari huo upendavyo, hutatoka nje ya mstari. Hicho ni kikundi ndani ya kundi."

"Kama boma ndani ya kijiji."

"Ndiyo! Na mistari yote inayopita nyumbani inagawana ukurasa mzima. Hakuna nukta isiyo na mwenyewe. Hakuna mistari miwili inayogombania nukta, isipokuwa ile ya nyumbani. Kila mstari, usogeze pembeni bila kuugeuza, upate ndugu zake sambamba. Umeona? Jiometri yote ya darasani imetokana na kugawa kundi vizuri."

Yeye mwenyewe anafuata makundi makubwa zaidi, yanayoitwa makundi ya Lie, kwa jina la Mnorwe wa zamani. Ndani yake unatembea bila kuruka, kama ndani ya maji, siyo kama juu ya mawe ya kuvukia mto. Anasema kuna uwanda wa vipimo vinne, ambao hakuna aliyewahi kuuona kwa macho, na unaweza kugawanywa kuwa kurasa zinazogusana kwenye nukta moja tu na bado zikajaza kila mahali. Anataka kujua kuna njia ngapi za kugawa hivyo, na kila njia inazaa jiometri gani.

"Mimi ni mtu wa mawe ya kuvukia mto," nikasema. Halafu nikaona aibu nikaangalia miguu yangu.

Lakini yeye alichukua njugu tisa za mkewe akazipanga tatu kwa tatu mezani. "Basi hesabu yako ni sifuri, moja, mbili, halafu unarudi sifuri. Nukta tisa. Vikundi vinne vya tatu tatu vinapita nyumbani: mstari wa kulala, wa kusimama, na miwili ya mshazari. Kila kimoja kina ndugu zake wawili. Pande nne, mistari mitatu kila upande. Chagua njugu mbili zozote."

Nilichagua. Zilikuwa na mstari mmoja, haukupungua wala kuzidi. Nikachagua nyingine. Vilevile. Mkewe akasema, "Mkimaliza kuomba juu ya njugu zangu mnirudishie."

Nilikimbia nyumbani katika mvua. Tisa! Watatu watatu! Kila wawili mara moja!

Jumanne, 11 Aprili

Nimemwambia Toto. Niliuambia mgongo wake, alipokuwa anasonga ugali, maana macho yake yananimaliza maneno. Siku nne za kazi, kila siku mashamba matatu, kila shamba watu watatu, na kila mwanamke atakutana na kila mwanamke mara moja. Hiyo ni mashamba kumi na mawili: tisa ya wenyewe, na la kanisa, la shule, na la katekista mzee.

Aliacha mwiko umesimama kwenye ugali. "Nani amekufundisha?"

"Njugu."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 14 Aprili

Wamekubali. Hawajui ni mimi. Toto amesema "nimepanga" na mimi nimemwomba iwe hivyo. Kila jioni nitamtajia nani anakwenda wapi, naye atatuma watoto kupeleka habari.

Jumanne, 18 Aprili

Siku ya kwanza. Mke mkubwa wa Ojakol, Nafula wa kutoka Namboboto, ambaye ulimi wake ungeweza kunyoa ndevu, amefanya kazi na Milka na Apeduno. Walirudi wakiimba. Nilijificha nyuma ya jiko nikasikiliza. Walikuwa hawaimbi vizuri.

Ijumaa, 21 Aprili

Siku ya pili. Hakuna aliyegombana. Wimbi unapumua.

Jumapili, 23 Aprili

Binti ya Amuron amejifungua mtoto wa kiume. Ekisa amekuja akiwa na jembe begani, anacheka peke yake njiani. "Mama Alupo, mke wangu hataweza kuinama. Nitashika nafasi yake. Mkono wangu si wa mwanamke lakini nitajifunza."

Toto akaniangalia. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Ni rahisi: alikuwa wa nambari tano, na Ekisa atakuwa wa nambari tano. Nilifuta jina nikaandika jina.

Jumanne, 25 Aprili

Siku ya tatu. Ekisa amechekwa kwa kung'oa wimbi na kuacha gugu. Mvua ilitukimbiza saa nne.

Ijumaa, 28 Aprili

Nataka ardhi inimeze pamoja na magugu.

Leo shambani kwa Nafula walitakiwa watatu: Nafula mwenyewe, nambari tano, na Amuron. Ekisa alifika mapema, akainama katikati ya shamba, akawa anapalilia akiwa amewapa watu mgongo. Amuron akaja na njia ya juu. Aliona mgongo wenye shati kuukuu na kofia, akadhani ni mtoto wa Nafula, akaenda mpaka akawa karibu kumgusa. Akamwambia, "Sogea mwanangu, nianze hapo." Ekisa akageuka.

Huku kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawasimami katika shamba moja. Ni heshima, na kila mtoto anaijua kabla ya kujua kuhesabu. Mimi naijua! Nimemwona Ekisa mara ngapi akizunguka kilima kizima asipite mbele ya nyumba ya Amuron! Lakini kwenye karatasi yangu hakukuwa na mkwe. Kulikuwa na tano na nane, na tano na nane lazima zikutane, ndivyo umbo linavyotaka, na mimi nilifurahi zilipokutana.

Amuron alijifunika leso kichwa kizima akarudi kinyumenyume, akaanguka kwenye mtaro. Ekisa alikimbilia mahindi, akapotelea humo kama swala, akaacha jembe. Nafula ndiye aliyebaki amesimama. Alikuja moja kwa moja kwetu, akamwita Toto kwa jina lake, na jioni hii kila mtu ameisikia.

"Jerusha! Umempanga mtu na mama mkwe wake kwa shamba langu? Kwa shamba langu mimi! Watasema Nafula ndiye alitega."

Toto alisema, "Ni kosa langu." Mimi nilikuwa mlangoni.  Niliona magoti ya Toto, yana udongo mpaka juu, na bado sikusema neno.

Amuron ametuma ujumbe: yeye na Apeduno wametoka. Apeduno ni dada yake, kwa hiyo kwa Ekisa naye ni mkwe vilevile, na amesema ni bahati tu hakukutwa yeye. Ekisa naye ametuma: ametoka, na anaomba msamaha, na jembe lake lipelekwe na mtu mwingine. Wake wa Ojakol wamesema kama ni hivyo, kila mtu na shamba lake.

Magugu yatarudi kabla wimbi haujafunika udongo, palizi ya pili lazima, na mikono ya Toto ni miwili. Ujima ukifa mara ya pili haufufuki. Toto alisema hivyo kwa sauti ndogo, akiwa ananawa miguu. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Jumamosi, 29 Aprili

Nimejaribu kuhamisha majina siku nzima. Nikimtoa Amuron kwa Nafula na kumweka kwa Milka, basi Milka na mwingine wanakutana mara mbili, na wengine hawakutani, na mwisho Ekisa anamkuta Apeduno.

Nilikwenda kwa Mwalimu nimejikinga mvua kwa jani la mgomba. Nilimweleza yote, mpaka mtaro. Mkewe alicheka hadi akatoa machozi, halafu akasema, "Pole, mwanangu, pole," akaendelea kucheka.

Mwalimu hakucheka sana. "Alupo, kwenye umbo kamili nukta mbili zozote zina mstari wao. Hapo hakuna pa kumficha mtu. Ukamilifu wake ni huo."

"Kwa hiyo haliwezekani."

"Kwa umbo hilo, haliwezekani."

Nimerudi. Mvua inanyesha kama imeajiriwa.

Jumapili, 30 Aprili

Nimeipata! Nimeipata kanisani, na Mungu anisamehe maana ilikuwa wakati wa mahubiri.

Amuron na Apeduno waliketi benchi moja. Wake wa Ojakol benchi la nyuma yao. Toto, Milka na Mama Vitalis benchi la nyuma zaidi, wamebanana. Ekisa alikuwa mlangoni amesimama, tayari kutoroka Amuron akigeuka. Nikaona safu tatu. Zile zile kambi tatu! Nikawaza: hizi safu ni upande mmoja wa njugu, wa kulala. Mistari mitatu sambamba, haigusani.

Sasa, nikiuacha upande huo mzima? Siyo mtu mmoja, siyo mstari mmoja. Upande wote, na siku yake yote, nautupa. Zinabaki siku tatu. Katika siku hizo kila watatu wanatoka mmoja katika kila safu. Ekisa, Amuron na Apeduno wako safu moja, kwa hiyo hawakutani kamwe. Wake wa Ojakol hawakutani, basi ugomvi wa jikoni utabaki jikoni. Na mashamba! Siku tatu mara tatu ni tisa, shamba moja kila mtu! Siku ya kwanza mashamba ya safu ya Amuron, ya pili ya safu ya Ojakol, ya tatu yetu, na katika kila shamba mwenyewe yumo.

Wanaoachwa bila kukutana ni wale ambao tayari wako pamoja nyumbani, au wale ambao heshima inawatenga. Nilitaka kusimama kwenye benchi. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Jumatatu, 1 Mei

Mwalimu ameangalia karatasi yangu muda mrefu. Amesema walioenda mbali katika hesabu hii wanalijua umbo hilo, lililopunguzwa upande, na wanaliita wavu. "Una matundu," akasema, "lakini samaki wanashikwa na wavu, hawashikwi na ukuta." Kisha akaegemea kiti akatazama karatasi zake zilizo chini ya mawe. "Mimi hapa nimekuwa nikitafuta mgawanyo usioacha kitu hata kimoja. Sijauliza inakuwaje ukiacha kwa makusudi." Akaandika jambo pembeni, akatusahau.

Mkewe akasema, "Sasa umemwongezea kazi. Chakula ndiyo basi."

Lakini nani atamwambia Amuron? Toto hawezi kuyaeleza, nimejaribu kumfundisha mara mbili. Alisema, "Wewe ndiye uliyeyazaa, wewe uyabebe."

Jumanne, 2 Mei

Naandika polepole, maana nataka kukumbuka yote.

Toto aliwaita wote kwa Amuron asubuhi, kwa sababu aliyeaibishwa hafuatwi kwa ujumbe, anafuatwa kwake. Wanawake wanane walikaa kwenye ngozi na mikeka. Ekisa alikaa nyuma ya jiko, asionekane, asikie. Amuron alitazama pembeni. Nilikuwa na mawe tisa kwenye sketi yangu ya shule.

"Mimi ndiye niliyepanga," nikasema. "Siyo Toto."

Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Mama Vitalis akanisalimia kama mgeni, "Mulembe! Kumbe huyu anaongea?"

"Mwache," Nafula akasema. "Endelea, msichana. Ulimpangia vipi mtu mama mkwe wake?"

"Niliandika nambari. Nambari hazina wakwe. Nisamehe, mama."

Amuron bado alitazama pembeni. Niliweka mawe chini, tatu kwa tatu. Safu ya juu ya nyumba ya Amuron, ya katikati ya boma la Ojakol, ya chini ya kwetu. Niliwaonyesha kwa kidole: wa kusimama, siku ya kwanza. Mshazari huu, siku ya pili. Mshazari ule, siku ya tatu. "Wa kulala tunauacha. Haupo. Walio safu moja hawataonana shambani mpaka mavuno."

Kuku alipita juu ya mawe akasogeza Milka. Nikamrudisha.

Apeduno akauliza, "Kwa hiyo mimi na dada yangu pia hatutakuwa pamoja? Nani amesema nataka kuwa mbali na dada yangu?"

"Mnalala nyumba moja, mama. Mnakula chungu kimoja. Mtazungumza usiku."

"Usiku anakoroma," Amuron akasema, akiangalia bado pembeni. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza, na mtu mmoja akacheka, halafu wote.

Nafula alikuwa ameinamia safu yake. "Ngoja. Unasema sitakutana na wake wenzangu hawa shambani, hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Wewe msichana, ulikuwa wapi mwaka jana?" Wake wenzake walipiga makofi kuliko yeye.

Toto ndiye hakupiga makofi. Alikuwa ameona. Alimwangalia Milka, Milka akamwangalia. Tangu waolewe huku hawajawahi kumaliza palizi bila kulima pamoja hata siku moja. "Na sisi?" akaniuliza.

"Na ninyi, Toto. Safu ni safu."

Nilidhani atakasirika mbele ya watu. Alivuta pumzi. "Tulicheka sana mwaka ule," akasema. "Kweli tulicheka sana." Na akawageukia wake wa Ojakol, hakusema zaidi, nao hawakumdai zaidi.

Ikabaki Amuron. Alichukua jiwe la Ekisa, siyo kwa mkono, kwa ncha ya leso, akalitazama, akalirudisha mahali pake. Akasema kwa sauti kubwa, akimwangalia Milka, "Milka, mwambie yule mtu wa nyuma ya jiko kwamba shamba lake litapaliliwa siku moja na langu, kwa hiyo asipite njia ya juu."

Milka hata hakupata nafasi. "Milka," sauti ya Ekisa ikatoka nyuma ya ukuta, "mwambie mama nitapita njia ya mto. Na mwambie mtoto ana masikio ya babu yake."

"Milka, mwulize ananyonya?"

"Milka, mwambie ananyonya kama ndama!"

"Mimi nimekuwa posta," Milka akasema. "Stempu zangu ziko wapi?"

La kanisa, la shule na la katekista tutalima sote baada ya misa, Ekisa shamba moja, wakwe zake jingine. Mama Vitalis alisema Padri naye ashike jembe, tuone kama anajua gugu.

Wakati wa kuondoka Nafula alinishika kidevu akaniinua uso. "Usiangalie chini," akasema. "Chini hakuna kitu. Ni mawe tu." Mkono wake una harufu ya moshi na vitunguu. Nilikuwa nimemwogopa maisha yangu yote.

Ijumaa, 5 Mei

Safu ya Amuron imepaliliwa. Hakuna aliyekimbilia mahindi.

Jumanne, 9 Mei

Shule imefunguliwa, kwa hiyo nasikia habari jioni tu. Kwa boma la Ojakol leo.

Ijumaa, 12 Mei

Yetu. Toto amefanya kazi na Nafula na Amuron. Nilimwuliza ilikuwaje. "Nafula ana nyimbo," akasema, akishangaa kama mtu aliyepata kisima nyuma ya nyumba yake. Baadaye nilimkuta njiani na Milka, wamesimama mvuani na mitungi kichwani, wanasimuliana yote ya siku. Maji yalikuwa yanamwagika hawana habari.

Jumamosi, 20 Mei

Baba alipita tena. Alisikia mambo ya ujima mpaka Malaba, kwa mawakala wa forodha! Alinipigia kelele kutoka juu ya magunia, "Boss! Njoo utupangie na malori!" Niliona aibu, lakini aina nyingine ya aibu. Nilipunga mkono.

Jumatano, 31 Mei

Mwalimu amemaliza karatasi yake na kuipeleka posta. Sehemu ya mwisho inahusu wavu. Alinionyesha ukurasa. Sikuelewa mistari mingi, lakini nilielewa neno "nyumbani" lilipokuwa, ingawa lilikuwa limeandikwa herufi moja tu.

Jumanne, 6 Juni

Palizi ya mwisho imeanza. Mvua inapungua. Ekisa sasa anajua gugu.

Jumamosi, 24 Juni

Tumemaliza jana. Wimbi umetoa vichwa vilivyokunjika kama ngumi za watoto, na leo kulikuwa na ajono, pombe ya wimbi, kwa Ojakol, kwa vyungu viwili: kimoja uani, watu wameketi duara na mirija yao mirefu, na kingine nyuma ya ghala kwa Ekisa na wanaume waliokuja kumfariji mtu asiyehitaji kufarijiwa. Amuron alikunywa akaimba. Toto aliketi katikati ya Nafula na Apeduno. Milka alikuwa upande wa pili kabisa wa chungu, na walikuwa wanacheka kwa macho. Niliwagawa wote kichwani, kisha nikaacha kuwagawa, nikakaa tu nikawaangalia. Hilo halijawahi kunitokea.

Halafu binti ya Amuron akaja na mtoto mgongoni. Amesema amepona, na anataka nafasi yake katika palizi ya pamba. Ekisa akapaza sauti nyuma ya ghala kwamba nafasi hiyo haitoki, ameipenda. Mkewe akamwambia aje aiseme mbele ya watu kama ni mwanamume. Hakuja, mama mkwe alikuwepo. Watu walicheka hadi mirija ikatoka mdomoni. Kisha kila mtu akageuka kunitafuta mimi, na mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Kwa sababu sasa ni kumi. Kumi hawagawanyiki kwa tatu. Nimejaribu wawili wawili, nimejaribu kumtia Mwalimu katika hesabu ili wawe kumi na mmoja, ambao ni wabaya zaidi, nimejaribu kumhesabu mtoto. Kuna njia, naisikia iko karibu, kama unavyosikia jina la mtu kabla hujalikumbuka. Ikiwa mume na mke ni nukta moja yenye

Hatua uani. Siyo za Toto peke yake, ni nyingi, na Nafula ndiye wa mbele, nasikia anaimba. "Yuko humu," anasema. "Boss wetu, fungua!" Bado haijaiva. Wasiione hivi. Naweka ukurasa chini ya godoro, naenda kufungua.